Siku Tuliyopelekwa Kupumzika

Ko. Kikombe cha bati kiligonga chuma cha kitanda, kikanyamaza. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika na giza halijaanza kupauka. Kabla mlio haujaisha nilisikia mkwe wangu akishusha miguu sakafuni, upesi, kama mtu aliyelala na viatu vyake.

Kikombe hicho ni cha mjukuu wangu. Mwili wake haumtii tangu kuzaliwa. Mikono hujikunja inapotaka yenyewe, shingo huchoka haraka, na maneno humtoka moja moja kwa kazi kubwa, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Ila mkono wa kushoto una nguvu, basi tulimfungia kikombe kwa kamba ubavuni mwa kitanda. Akigonga mara moja maana yake ni ndiyo, au njoo. Mara mbili ni hapana. Akigonga mfululizo ujue anamcheka mtu. Mtaa mzima unamwita Kengele, na jina amelipenda.

Siku hizi Kengele ni msichana mkubwa, mrefu kuliko mama yake. Usiku lazima ageuzwe kitandani mara kwa mara, la sivyo nyonga zinamuuma na ngozi inachubuka. Anayemgeuza ni mama yake, mkwe wangu. Mimi mgongo wangu uliniaga zamani. Naweza kulisha, kusuka nywele na kupiga soga, lakini kuinua siwezi. Mwanangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akija nyumbani humbeba binti yake kama mto wa kitandani, wote wanacheka, kisha bosi wake anapiga simu na tunabaki wanawake watupu.

Kwa hiyo mkwe wangu alikuwa hajui tena usingizi mzima unafananaje. Alilala vipandevipande. Alianza kuweka chumvi kwenye chai na kuniitikia maneno ambayo sikuyasema. Wiki ile alisinzia jikoni akiwa amesimama, sufuria ya maji ya moto mikononi. Maji yakamwunguza mguu. Kengele alikuwa kwenye kiti chake hapohapo pembeni. Nilimpaka mkwe wangu dawa, naye akawa anautazama mguu kama si wake.

"Mama," aliniambia, "leo nimejichoma mimi. Siku nyingine je?"

Nilimpulizia mguu tu, kama mtoto.

Ndipo ukaja ujumbe kwenye simu kutoka kituo kimoja kinachohudumia watu wenye ulemavu. Walezi wote tunakaribishwa kwenye Siku ya Mapumziko ya Walezi, bure, chakula kipo. Mkwe wangu aliusoma, akaurudia, akakaa chini. Kisha akafika kwenye maelekezo. Kila mlezi aje na mtu wake anayemhudumia. Aje pia na nguo za kubadilisha, taulo, dawa, chakula maalumu kama kipo, na shuka. Na tuwahi, kwa kuwa mgeni rasmi hapendi kusubiri.

Ndiyo maana asubuhi ile, ili tukapumzike, tuliamka mapema kuliko siku ya kazi.

Kituo chenyewe ni kizuri, sitasema uongo. Kuta nyeupe, madirisha makubwa, na mbele kuna njia ya mteremko ya kupitishia viti vya magurudumu, pana, imesakafiwa vizuri. Siku hiyo ilikuwa imepangwa vyungu vya maua kutoka chini mpaka juu.

"Tusaidie kusogeza maua, baba," nilimwambia mlinzi.

"Hayo ya mgeni rasmi, bibi. Yakisogezwa mstari unaharibika."

"Mgeni rasmi anatembelea kiti cha magurudumu?"

"Hapana, bibi. Anapanda ngazi."

"Sisi je?"

Mlinzi akakuna shingo. Alikuwa kijana wa watu mwenye adabu, na niliona anaona aibu kwa niaba ya maua. "Ninyi pia ngazi, bibi. Kwa leo tu."

Tukiwa tumesimama tukizitazama zile ngazi, akaja mwanamume mwembamba, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Nyuma yake alikuwa mwanawe, jitu zima la makamo, uso mviringo kama sahani, akili yake imebaki utotoni. Baba tulikuja kumwita Fundi, maana ni fundi cherehani na ile futi haivui hata akiwa kwenye msiba. Mwana huitwa Bosi. Bosi humsalimia kila mtu, humuuliza habari za kazi, na tofauti yake na mabosi wengine ni kwamba husubiri jibu.

"Habari za kazi, Bibi?"

"Njema, mwanangu. Ila ngazi zinatushinda."

Bosi akazikagua ngazi, akamkagua Kengele, akasema, "Tunabeba." Akashika nyuma, baba yake mbele, na kiti kikapanda bila kuyumba. Kengele alicheka njia nzima. Kule juu Fundi alihema, akaifunga vizuri blanketi ya mjukuu wangu miguuni ndipo akajifuta jasho lake. Niliuweka moyoni utaratibu ule, kwanza blanketi, halafu jasho.

Mlangoni tuligawiwa fulana za njano. Mgongoni zimeandikwa NIMEPUMZIKA. Zote zilikuwa saizi moja, kubwa, kama zimeshonewa mlango. Fundi alipindua pindo la yake, akatazama mishono, akairudisha taratibu kama mtu aliyefunua maiti.

"Tunavaa sasa hivi?" mkwe wangu aliuliza. "Kabla hatujapumzika?"

"Mnavaa sasa hivi kwa ajili ya picha," alisema Mratibu.

Mratibu ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. Mwanamke kijana, viatu vya kisigino kirefu, kitambulisho kifuani na kipaza sauti mkononi ambacho hakukiweka chini hata alipokuwa akizungumza na mtu mmoja. Hakuwa mbaya. Alikuwa na ratiba, na ratiba ilikuwa imemkalia shingoni.

Tulipangwa ukumbini kwa mistari, walezi mbele, watu wetu nyuma "ili walezi mpate kujitenga kidogo na majukumu." Mara watu wetu wakaanza kuita. Huyu anataka maji, yule ameteleza kwenye kiti, mwingine kaogopa feni. Walezi wakawa wanainuka na kurudi, wanainuka na kurudi, wote wakiwa wameandikwa mgongoni kwamba wamepumzika.

"Mada yetu ya kwanza," alisema Mratibu, "ni Umuhimu wa Usingizi kwa Mlezi."

Mkwe wangu alikuwa ameketi kando yangu. Mratibu alipofika kwenye faida ya pili ya usingizi, kichwa cha mkwe wangu kikainama, kikapumzika begani kwangu. Nikajikaza nisitikisike. Nilihisi pumzi zake zikirefuka.

"Yule mama pale," kipaza sauti kikavuma. "Mama wa nne kutoka dirishani. Tuko pamoja?"

Mkwe wangu akaruka. "Nipo, nipo. Nakuja," akasema, huku mikono yake ikimtafuta Kengele hewani.

"Nilikuwa nasema usingizi ni muhimu sana. Tusikilize, akina mama. Hii ni kwa faida yenu."

Mzee mmoja nyuma yangu, anayemtunza mkewe aliyepooza, akanong'ona, "Wenye njaa tumeletewa somo la wali."

Baada ya mada tukasimamishwa kwa mazoezi ya kulegeza viungo. Tuinue mikono, tuishushe, tujinyooshe kama miti. Mkwe wangu aliinua mikono na kulala nayo hukohuko juu. Nikamshika kiuno asije akaanguka. Mratibu akatupongeza kwa kipaza sauti, akidhani ni zoezi la wawili wawili, na safu nzima ikaiga, watu wakashikana viuno.

Kisha Kengele akahitaji kubadilishwa. Nikauliza ni wapi pa kumlaza. Tukaelekezwa stoo, juu ya meza mbili zilizounganishwa, kati ya mabango na katoni za soda. Mama mmoja mwenye mtoto kiziwi alikuja bila kuitwa, akashikilia shuka kama pazia mpaka tukamaliza, uso ameugeuzia ukutani.

Tukitoka stoo ndipo tulipokiona kile chumba. Mlango ulikuwa na kioo kidogo, na mlangoni kumefungwa utepe mwekundu. Bango lilisema Chumba cha Mfano cha Mapumziko. Ndani mlikuwa na kitanda cha kupandisha na kushusha, cha kumlaza mtu kama Kengele, na kando yake kitanda kingine cha mlezi, godoro nene, mashuka meupe yaliyonyooka, pazia la buluu. Walezi tulijazana kwenye kile kioo kama watoto dukani.

"Hiki kitafunguliwa rasmi leo na mgeni rasmi," alisema Mratibu.

"Na kikishafunguliwa?" aliuliza Fundi.

"Kikishafunguliwa kitafungwa, kisichakae. Mpaka wafadhili wapate nafasi ya kuja kukiona."

"Sasa atakayelala humo nani?"

"Baba, ni chumba cha mfano," alisema Mratibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Mfano haulalwi."

Halafu akamshika mkwe wangu mkono. Alikuwa anatafuta mtu wa kutoa ushuhuda mbele ya mgeni rasmi, na amemwona yeye kuwa ana uso wa huruma. Aseme tu, kwa dakika chache, namna siku hii ilivyompumzisha.

"Lakini sijapumzika," mkwe wangu alisema.

"Sema umepumzika. Siku haijaisha, utakuwa umepumzika tu."

"Nitasimamaje mbele za watu niseme..." Sauti ikamkatikia. Si kwa hasira. Nadhani alisahau alichokuwa akisema. Macho yake yalikuwa wazi na hayaoni, na mguu wenye jeraha ulikuwa ukitetemeka peke yake ndani ya kandambili. Nikaiona ile sufuria tena. Nikajua kwamba tukirudi nyumbani hivi, kesho au keshokutwa maji yatamwagikia kiti cha Kengele, na baada ya hapo sitakuwa na mkwe wala mjukuu wa kumtazama usoni.

Mratibu akaenda kupokea simu. Mgeni rasmi amechelewa, lakini yuko njiani. Chakula kitasubiri mpaka afike.

"Njoo," nikamwambia mkwe wangu.

"Wapi, mama?"

"Wametaka useme umepumzika. Ni aibu kumpeleka mtu akaseme uongo, nami nipo."

Nilijaribu kitasa. Kilifunguka. Walikuwa wamefunga utepe, hawakufunga ufunguo, maana nani angethubutu kuvunja utepe. Nami sikuuvunja. Niliunyanyua kama mtu anavyonyanyua kamba ya nguo apite.

"Tutafukuzwa, mama."

"Tukifukuzwa, utakuwa umeshalala."

Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mlezi. Akakigusa. Halafu akasimama tena. "Kengele je? Akigonga?"

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Mkwe wangu anaweza kulala radi ikipasua mti, lakini kile kikombe kikigongwa nyumba ya tatu ataamka. Na Kengele alikuwa amekuja nacho kwenye kiti, tumekifungua kamba, amekishika kama kawaida yake. Alikuwa mlangoni na Fundi, ametusikia yote. Mkono wake wa kushoto ukaanza kusogea. Ulichukua muda, maana alikuwa anajitahidi kisiguse chuma cha kiti. Akaufikisha mpaka kwa Fundi, akafungua vidole kimoja kimoja, akamwachia kikombe.

"Mama," akasema. Akapumzika, akavuta ndoo ya pili. "Lala."

Sijawahi kumwona Kengele akimpa mtu kikombe chake. Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni, akamtandazia kiganja chake kwenye mkono wa kiti. "Gonga hapa," akamwambia. "Mimi sina mlio."

Mkwe wangu akalala chali na ile fulana yake ya njano. Nilimfunika. Sikupata hata kuvuta pazia, alikuwa ameshachukuliwa na usingizi.

Nikatoka, nikarudisha mlango, nikageuka. Walezi wote walikuwa kwenye ukumbi mdogo wa mbele ya chumba, wananitazama. Niliweka kidole mdomoni tu.

Sasa nikwambie jambo moja kuhusu watu hawa. Mtu ambaye amehangaika nusu ya usiku kumlaza mtu wake hujifunza kutembea kama paka. Anajua ubao upi wa sakafu unalia na mlango upi unyanyuliwe kidogo ndipo usukumwe. Walezi wakavua viatu bila kuambizana. Mwenye mtoto mwenye sauti kubwa akampeleka uwanjani. Yule mzee wa mke aliyepooza akaenda kuzima feni iliyokuwa ikigonga. Mtu akapiga chafya akaimeza, macho yakamtoka. Walikuwa wameanza kulinda usingizi wa mtu wasiyemjua hata jina, kama wanalinda sufuria ya mwisho ya maji.

Mratibu akarudi akipiga visigino, ko ko ko, kipaza sauti mkononi. Nyuso zote zikamgeukia. Akasimama.

"Kuna nini?"

"Sss," wakasema wote.

Akachungulia kioo. Akaona. Uso ukampauka. "Bibi," akaninong'oneza, "nani yuko humo?"

"Shahidi wako. Anajiandaa."

"Bibi, nitafukuzwa kazi. Mgeni rasmi yuko getini. Anakuja kukata utepe. Mtu hawezi kuwa amelala ndani ya chumba cha mapumziko."

Alisikia mwenyewe alichosema. Nilimwona anakisikia. Hata hivyo akashika kitasa, akasogeza mlango kidogo, na kutoka ndani ukaja mkoromo wa mkwe wangu, mdogo, wa kudunda, kama sufuria ya maharage kwenye moto wa taratibu. Mratibu akasimama pale, mkono kwenye kitasa. Mabega yake yakashuka. Akafunga mlango, akainama, akavua viatu. Visigino vyake vilikuwa vimebandikwa plasta, kimoja kinavuja damu. Tangu alfajiri alikuwa amesimama juu ya vidonda, naye akitufundisha kupumzika.

"Kaa kidogo, mwanangu," nikamwambia, nikamsogezea kiti. Akakaa. Akaweka kipaza sauti sakafuni.

Nje matarumbeta yakaanza. Bosi aliyekuwa amesimama juu ya ngazi akashuka haraka, mikono mbele, akawafikia wapigaji. Sijui aliwaambia nini. Tarumbeta moja likalia nusu, kama mbuzi aliyekanyagwa, likakoma.

Mgeni rasmi akapanda ngazi, mtu mnene mwenye suti, nyuma yake msafara wa watu waliobeba mafaili na mpiga picha. Bosi akamkinga njia.

"Habari za kazi?" akamuuliza, kwa kunong'ona.

"Nzuri," alisema mgeni rasmi, kwa sauti ya jukwaani.

Bosi akaweka kidole mdomoni. Kisha akaelekeza kidole kwenye viatu vya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akatafuta msaada nyuma yake, akatazama mbele, akaona watu wa fulana za njano wamesimama peku ukutani kote, kimya, kila mmoja kidole mdomoni. Nadhani alifikiri ndio utaratibu wa kituo. Mtu mkubwa akikuta utaratibu ambao haujui, hufuata, asije akaonekana hajui. Akavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka na kidole gumba kimechungulia nje. Msafara mzima ukavua nyuma yake. Fundi akaitazama ile soksi, na mkono wake ukagusa futi shingoni kwa huruma.

Mratibu akamkaribisha kwa kunong'ona. Mgeni rasmi akatoa hotuba yake mfukoni, kurasa nyingi, akaanza kunong'ona pia. "Tutahakikisha kwamba kila mlezi, kila kona..."

Akasita. Siku ile ndipo nilipogundua kwamba ahadi ni kitu cha kupigiwa kelele. Ukiinong'ona inasikika kama unamshawishi mke wa mtu. Akaruka ukurasa, akajaribu mwingine, "mikakati kabambe," akanong'ona, na mwenyewe akatazama huku na huku kama ametaja tusi. Mwisho akakunja karatasi zote. "Poleni," akasema. "Poleni sana kwa kazi." Ikawa ndiyo hotuba, na mimi niliyekwishasikiliza nyingi nakwambia ilikuwa nzuri.

Akapewa mkasi, akakata utepe polepole, mtu akaudaka usianguke. Yule mama wa mtoto kiziwi akainua mikono juu akatikisa vidole, ndivyo wanavyopiga makofi kwao, na ukumbi mzima ukaiga. Mikono juu, vidole vinacheza, hakuna mlio.

"Ratiba inasema kuna ushuhuda," alinong'ona mgeni rasmi.

Mratibu akanitazama. Akavuta pumzi. "Upo, mheshimiwa. Tafadhali sogea mlangoni, weka sikio."

Mgeni rasmi akainama, sikio kwenye mlango. Tukamwona anasikiliza. Alikaa vile kwa muda, mpaka mpiga picha akapiga picha na watu wa mafaili wakaanza kutazamana. Aliponyanyuka akaushusha mkono wa yule aliyekuwa anamkumbusha saa.

"Ushuhuda mzito," akanong'ona.

Wakaondoka na viatu mikononi. Chakula kikaja, tukala kwa vidole ili vijiko visigonge sahani.

Mkwe wangu aliamka jua likielekea kushuka. Alisimama mlangoni, alama ya mto shavuni, ameogopa. "Kengele?"

Kengele alikuwa chini ya dirisha, ameshalishwa, ameshageuzwa na akina mama wawili kama walivyozoea kuwageuza watu wao. Mbele yake Fundi alikuwa amepanga ubao wa drafti kwenye katoni, kete zake vizibo vya soda. Anaonyesha kete moja moja kwa kidole, na Kengele anagonga kiganjani mwake, mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Nimemfundisha mchezo," Fundi alisema. "Sasa najuta."

Mkwe wangu hakulia wala hakushukuru. Alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la bintiye, akasema kuwa ana njaa. Miaka mingapi sijamsikia akisema ana njaa.

Magodoro ya kile chumba yalirudishiwa nailoni, chumba kikafungwa. Baadaye Mratibu akatutumia picha, wote tupo peku, vidole mdomoni, na maelezo chini yake yanasema walezi wakifurahia burudani. Jioni ileile tulikuwa tumeshaalikwa tena mwakani.

"Mwakani," alisema Fundi tulipokuwa tukiagana pale kwenye maua. "Kulala mara moja kwa mwaka, mama, si sawa na kunyoa nusu kichwa?"

"Wewe unalala?"

"Bosi akitoka peke yake husalimia watu mpaka anapotea. Nalala jicho moja kama sungura."

"Mlete kwangu ukienda kununua vitambaa. Mimi nina habari nyingi za kazi za kumjibu."

"Na mimi Jumamosi nije kumgeuza huyu?"

Nikamtazama mkwe wangu. Akainamisha macho. "Watu watasemaje, mama? Mwanamume aje nyumbani, mimi nimelala?"

"Watasema mama mkwe yupo sebuleni na sindano ya kufumia. Atakayetaka kusema zaidi aje asemee hapa, nitampa kazi ya kubeba."

Mwanangu alipopiga simu kutoka njiani nilimweleza. Akasema nimpe Fundi salamu, na kwamba akirudi atamletea uzi mzuri.

Jumamosi walikuja. Bosi alinishikia uzi wa sufi kwa mikono miwili, nikawa nakunja na yeye ananiuliza habari za kila rangi. Mkwe wangu alizunguka jikoni, akapangusa vilivyokwisha kupanguswa, akamwonyesha Fundi mto unawekwa wapi na nyonga inashikwa vipi, akamwonyesha tena. Kisha akakosa la kufanya, akaingia chumbani. Kengele alikuwa kitandani, kikombe kwenye kamba yake, ubao wa drafti umewekwa juu ya sinia.

"Leo usinionee huruma," Fundi alimwambia.

Ko, akajibu Kengele. Halafu, ko ko, huruma hapana.

Tulisimama wote, tukasikiliza chumbani kwa mama yake. Hakuna aliyeshusha miguu. Fundi akasogeza kete. Kikombe kikagonga, kikagonga, na mwishoni kikagonga mfululizo. Bosi akacheka bila kujua kwa nini. Na kule ndani sufuria ya maharage ikaendelea kudunda kwenye moto wake wa taratibu.

Jioni Fundi akamgeuza Kengele mara ya mwisho, akamfunika miguu, akakusanya vizibo. Bosi alikuwa ameshafika mlangoni, anaaga mlango wenyewe.

"Haya, Kengele, sisi tunakwenda."

Ko ko.

"Hapana? Basi tulale hapa?"

Kengele akaacha kikombe. Niliona shingo yake ikijikaza, kisima kirefu, ndoo nzito. Fundi hakumsaidia neno wala hakutazama saa. Alikaa tena kitini, futi shingoni, akasubiri.

"Uje," alisema Kengele. Akapumua. "Tena." Akapumua, na kabla neno halijatoka meno yalikuwa yameshaanza kucheka. "Uje... nikufunge... tena."